Salamu za Ngollo kwa Mkaguzi Masolwa

Ndugu Anton Masolwa, Mkaguzi Mkuu wa asali katika ghala letu la Ushirika wa Msitu Mpana hapa Tabora, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Aliingia getini tarehe 1 Julai 1953 akiwa na shati moja, rozari moja na hasira za watu kumi. Anatoka na mashati matatu, rozari ileile, na hasira nitazieleza.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Hilali Darwesh, karani wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu huu. Wameniambia niandike kwa furaha, nichekeshe kidogo, na nisimtaje mtu kwa ubaya. Mawili ya kwanza nitajitahidi. La tatu halitawezekana, kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye ni lazima nimtaje kwa ubaya, naye ni mimi mwenyewe. Ndugu Masolwa alitumiwa ujumbe ukapitia kwangu, nami nikaukalia karibu miaka mitatu. Jumatatu tarehe 2 Julai anapanda basi kurudi kwao Nzega kuishi. Siwezi kumwandikia sifa za kumuaga huku nikilificha jambo hilo, na wenzangu mtanivumilia nikifika huko taratibu.

Anton Masolwa alizaliwa Nzega mwaka 1924, katika nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Baba yake alishika mila za wazee wake mpaka mwisho, mama yake akabatizwa, naye Anton akabatizwa akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuja Tabora kutafuta kazi, akapewa ile ambayo kila mtu aliikimbia: kuosha madebe ya asali. Ukiosha debe la asali chini ya jua la Tabora, nyuki wote wa Unyamwezi wanakuja kukusalimia. Wenzake waliacha baada ya wiki. Yeye alikaa miaka mitano, uso umevimba, akigombana na nyuki kwa Kinyamwezi, na watu kwa Kiswahili.

Mwaka 1958 alipandishwa kwenye mitambo ya kuyeyusha nta, na mwaka 1964 akawa mkaguzi. Mimi nilimkuta mwaka 1960. Ukoo wetu umefanya biashara katika mji huu tangu siku za misafara, na mimi ndiye wa kwanza kushindwa kuuza hata kibiriti, basi baba akanitafutia kazi ya kalamu. Siku yangu ya kwanza Masolwa alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akauliza kama nimekuja kufanya kazi au kuoa. Nilimchukia papo hapo. Tukawa marafiki mwezi uliofuata, kwa sababu ghala lote sisi wawili tu ndio tuliopenda kahawa chungu.

Wazee wa hapa bado wanacheka habari za Desemba 1961. Tulipamba ghala kwa Uhuru, na Masolwa akatengeneza mshumaa mmoja wa nta mrefu kama mtu, uwashwe mgeni rasmi atakapoanza kusema. Mshumaa ulikuwa mzuri, wallahi. Lakini nta haikuchujwa vizuri, ilikuwa bado na asali, na ilipopata moto ikanukia hadi msituni. Mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye maneno ya kazi na maendeleo nyuki walipowasili. Hotuba ile haijamaliziwa mpaka leo. Masolwa alisimama peke yake uwanjani, amekunja mikono, akisema kwa sauti kwamba nyuki nao ni raia.

Sasa niseme kazi ya mkaguzi ni nini, kwa ajili ya vijana wa ofisini ambao asali wanaijua kwenye mkate tu. Mrina asali anatoka msituni na madebe yake, anakuja kwangu mezani, naandika jina, kijiji na maelezo yoyote aliyonayo. Kisha mkaguzi anachovya kijiko cha mti, anakiinua juu, anatazama asali inavyoteremka. Ikishuka uzi mmoja mnene usiokatika, inapokelewa. Ikidondoka matone matone, ina maji. Ikiwa mtu ametia maji kwa makusudi, kanuni yetu ilisema imwagwe mtaroni mbele ya wote, asije akaipeleka kwingine.

Masolwa alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Lakini alikuwa na pupa ya kuhukumu. Kijiko kikiinuka, hukumu imeshatoka, na debe limeshainama. Watu wakamwita Bwana Mwaga. Alikuwa hakosi misa, anafunga Kwaresima, anatoa zaka ya mazao yake, ila ulimi wake ulikuwa haujabatizwa. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, aliyasema baadaye sana. Wakati ule angekutupia debe kwa kumwambia hivyo.

Ijumaa tarehe 5 Aprili 1974, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu yao, foleni ilikuwa fupi kwa sababu Aprili si msimu. Watu huenda msituni kurina kuanzia Juni, masega yakishazibwa vizuri. Alikuja mzee mmoja aitwaye Ngollo na mkewe Katarina, wameshuka kwenye treni ya kutoka Usinge na madebe manne. Mzee alikuwa mrefu, mkimya, amevaa koti zito kwenye joto lile. Mama ndiye aliyezungumza nami mezani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniinamia kama mtu anayemwomba mwanawe kitu.

Aliniambia hivi: "Mwanangu, tumeambiwa tuhamie kijiji kipya kabla mwezi huu haujaisha. Mizinga yetu thelathini inabaki kule msituni, na hatujui kama tutaiona tena. Tumerina kabla ya wakati. Mwambie mkaguzi asali haijaiva, asije akadhani vingine."

Hayo ndiyo maelezo, na kitabu changu kilikuwa na nafasi ya kuyaandika. Sikuyaandika. Ilikuwa saa sita imepita, nilikuwa nawahi swala ya Ijumaa, na nilijua Masolwa akianza kujadiliana na mtu tutakaa hapo hadi alasiri. Nikamwambia mama, "Inshallah nitamwambia." Nikafunga kitabu.

Masolwa akachovya kijiko, akainua. Matone. Akachovya debe la pili, matone. Hakuuliza kitu. Akamwita mzee Ngollo mwizi mbele ya watu kumi na watano. Akasema anachezea jasho la wenzake na ushirika wao. Mama Katarina aligeuka akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshasimama niondoke, nikatupa mzaha: "Huyu katuletea mto Ugalla ndani ya debe!"

Watu waliangua kicheko. Madebe manne yakamwagwa mtaroni. Mzee Ngollo hakubishana. Alikusanya madebe matupu, akayafunga pamoja kwa kamba, akamshika mkewe mkono, wakaenda zao stesheni. Mimi nilikwenda msikitini na nikawahi. Sikumbuki hotuba ilihusu nini.

Alhamisi iliyofuata, ile wanayoiita Alhamisi Kuu, walifika watu wanane kutoka njia ileile ya Usinge, na wote asali yao nyepesi. Masolwa alichovya la kwanza, la pili, la tano. Akasimama. Akamwuliza mmoja wao, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ni kwa nini. Yule bwana akashangaa, akasema: "Si tunahamishwa, mzee. Tuwaachie nani?" Masolwa aliketi juu ya debe lililopinduliwa, mikono magotini. Alikaa hapo muda mrefu, foleni imesimama, hakuna aliyethubutu kumgusa. Kisha akawaambia wale wanane kwamba ghala haliwezi kuipokea kama asali ya daraja la kwanza, ila nta yake itapokelewa yote na asali itapelekwa kwa wapika pombe. Akawaomba radhi kwa kuwasubirisha.

Jioni tulipokuwa tukifunga milango alinijia akaniuliza kama wale wazee wa Ijumaa walisema lolote mezani kwangu. Nikasema hapana.

Neno moja hilo. Lilinitoka rahisi kama mtu anavyojibu salamu. Nilijua kabisa ninachokifanya, na nilijua yeye ataubeba mzigo wote peke yake.

Kuanzia hapo wenzangu wengi mnamjua Masolwa mnayemjua. Sisi tuliomwona kabla ndio tunaoweza kueleza safari ilikuwa ndefu kiasi gani. Mtu habadiliki kwa kupiga magoti mara moja, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Alileta kigoda kutoka nyumbani, akakiweka mbele ya meza ya ukaguzi. Kila mrina asali alikaa kwanza. Kisha yalifuata maswali matatu, hayajabadilika kwa miaka mitano: umetoka wapi, ulirina lini, na njiani kumekupata nini. Kijiko kilikuja mwisho. Foleni ikawa ndefu, ofisi ikalalamika, sisi tukamtania kwamba amefungua kiti cha kuungamia. Alicheka na sisi, lakini kigoda hakikuondoka.

Hasira nazo hazikwisha. Alitafuta namna ya kuzizuia, akaipata humuhumu ghalani. Akihisi neno baya linapanda, anatia kipande cha sega mdomoni na kutafuna. Nta haimezwi wala haitafuniki upesi, na mtu mwenye mdomo uliojaa nta hawezi kumwita mwenzake mwizi. Akishatulia anaitema na kuipanga dirishani. Tulikuwa tukipita asubuhi tunahesabu vidonge vya nta vya jana ili tujue siku ilikuwaje. Siku bwana mmoja wa ofisini alipopoteza vitabu vya mwaka mzima kisha akamsingizia yeye, tulihesabu kumi na moja. Mwaka 1974 dirisha lilikuwa linajaa kila wiki. Mwaka jana nilihesabu vitano kwa mwezi mzima wa Novemba.

Nilimwuliza siku moja kama padre wake ndiye aliyemfundisha mambo ya nta. Akasema padre alimfundisha jambo gumu zaidi. Alikuwa ameungama habari za mzee Ngollo, akapewa sala za kusali, akazisali. Kisha padre akamwambia kwamba sala amezimaliza, sasa amtafute mzee. Mimi si Mkristo na mtanisamehe nikikosea taratibu zao. Lakini hilo nililielewa vizuri mno, maana hata kwetu haki ya mtu inabaki kwa mtu mpaka umwendee mwenyewe.

Basi akaanza kumtafuta. Likizo ya mwaka 1975 alipanda treni hadi Usinge akazunguka vijiji vipya kwa miguu, akiuliza kwa mabalozi wa nyumba kumi. Watu walikuwa wamepangwa upya, majirani wametenganishwa, na wengine waliandikwa kwa majina ya ubatizo ambayo hata wake zao hawakuyazoea. Alirudi na malengelenge. Likizo ya 1976 akaenda tena upande wa pili wa reli. Bertila, mkewe, alikuwa akimfungia karanga na mihogo ya kukaanga, akilalamika kwamba waume wa wenzake likizo wanakwenda kusalimia wakwe, wake yeye anakwenda kusalimia reli.

Na mimi je? Mimi kila Ijumaa tangu Aprili ile niliondoka kazini saa sita kamili, kwa sababu Masolwa aliomba ofisi imruhusu akae mezani kwangu mpaka nirudi. Aliniambia ameona siku zile nilikuwa nasali kwa kukimbia, na kwamba si vizuri mtu amwendee Mungu akihema. Hakujua alichokuwa akinifanyia. Niliswali kwa utulivu miaka mitano katika nafasi aliyonipa mtu niliyemdanganya.

Agosti 1976, Masolwa akiwa hukohuko likizo anatafuta, aliingia mapokezi bwana mmoja aitwaye Bundala. Alisema ni jirani wa mzee Ngollo katika kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni ya Usinge, na kwamba huko mzee anaitwa Yohana kwenye daftari, ndiyo maana hapatikani. Mzee alikuwa ameugua kifua. Amesikia kuna mkaguzi anapita vijijini akimwulizia. Alikuwa amemtuma Bundala na maneno haya, naye aliyasema amesimama wima kama mtoto anayesoma shairi:

"Mwambie mkaguzi asali yangu ilikuwa nyepesi kweli, macho yake hayakukosea. Kuniita mwizi ndiko alikokosea. Nilimchukia mwaka mzima, nikachoka. Sasa sina kinyongo naye. Nimechonga mizinga mipya sita. Aje nimwonyeshe."

Nilimwambia Bundala, "Inshallah nitamwambia." Maneno yaleyale niliyomwambia Mama Katarina.

Masolwa aliporudi wiki iliyofuata, nilikuwa nimeyapanga mdomoni. Akaingia amekonda, akakaa kwenye kigoda chake mwenyewe, akasema hakumpata. Nikafikiri: nikimwambia leo, atakwenda. Akienda, atamkuta Mama Katarina. Na Mama Katarina atamwambia alichoniambia mezani, na mzaha nilioutupa. Nikasema moyoni, kesho. Nikasema baada ya mfungo. Nikasema akipita tena Bundala, atamwambia mwenyewe, mimi nitakuwa nimepona. Bundala hakupita tena.

Septemba 1977 Masolwa aliupata mji wa mzee Ngollo bila msaada wa mtu yeyote. Alikuta kaburi. Mzee Ngollo alikuwa amefariki Januari. Mama Katarina alikuwa amechukuliwa na binti yake, majirani hawakujua wapi, na Bundala alikuwa kazini Kigoma. Nyumba ilikuwa imefungwa, na mizinga mipya sita imetundikwa mitini nyuma yake, nyuki wameingia mitano. Masolwa alirudi kazini Jumatatu, akaniambia habari hizo akiwa amesimama, kisha akasema: "Nimechelewa, Hilali. Sikutafuta vya kutosha."

Hapo ndipo nilipaswa kuanguka miguuni pake. Nilimpa pole. Nikamtengenezea kahawa.

Miaka miwili nimemwona akiomba kwa ajili ya mtu aliyekwisha kumsamehe, akidhani alikufa na kinyongo. Nimemwona akizidi kuwa mpole kwa watu, na sisi tukisifu upole huo, mimi nikiwa wa kwanza kusifu. Wema wake ni wa kweli, ameufanyia kazi siku kwa siku kama anavyochuja nta, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini kuna uchungu ndani yake ambao haukuwa wa lazima, na uchungu huo niliuweka mimi.

Kamati iliponipa kazi hii nilijifungia na karatasi. Nikaandika sentensi ya kwanza, ile ya miaka na tarehe. Ya pili ikakataa. Jumapili iliyopita, baada ya misa yao, nilitembea hadi kwake Ntalikwa. Nilimkuta barazani na Bertila wanabangua karanga za mbegu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea ungo ili nami nibangue. Nikamwambia yote, kuanzia meza ya Aprili hadi Bundala. Sikunyanyua macho kutoka kwenye ungo.

Alipozungumza, alitaka nirudie ujumbe wa mzee. Nikaurudia. Akataka tena, polepole, hasa pale pa mizinga. Kisha akauliza ilikuwa mwezi gani. Nikasema Agosti. Akahesabu kwa vidole vyake vyenye vumbi la karanga. "Miezi mitano," akasema. "Hilali, treni ya Kigoma inapita mara ngapi katika miezi mitano?"

Aliinuka akaenda shambani, akasimama katikati ya matuta, ametugeuzia mgongo. Bertila alinitazama, hakunitukana, ingawa ningefurahi angenitukana. Aliingia ndani akaleta chai. Masolwa aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hivi, naandika kwa ruhusa yake: "Leo siwezi. Nimejaribu pale shambani, nimeshindwa. Kunywa, lakini usidhani kikombe hiki ni msamaha. Hiki ni chai."

Nilikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama ninavyoipenda, maana Bertila ananijua. Nililia pale mbele yao, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na hakuna aliyenizuia.

Kuna watu watakaosema aibu hii ingebaki kati yetu wawili. Nami nilimwuliza Masolwa kama niandike wasifu mwingine, wenye mshumaa na nyuki tu. Alinijibu juzi, Jumatano, baada ya kuusoma huu wote amesimama dirishani. Alisema kicheko cha siku ile kilikuwa cha watu kumi na watano, na jina la mzee Ngollo lilichafuliwa hadharani, basi lisafishwe hadharani. Akafuta sentensi mbili nilizokuwa nimemsifu, na moja aliyoona imempunguzia kosa lake. Akarudisha karatasi.

Basi isomwe na ijulikane na kila mfanyakazi wa ghala hili: mzee Ngollo wa Usinge hakutia maji kwenye asali. Alirina mapema kwa sababu alikuwa anaiaga mizinga yake. Sababu hiyo aliileta hapa siku ileile, kwa mdomo wa mkewe, na karani aliipokea na kuificha.

Bundala, niliyemwandikia barua mwezi jana, amenipa habari kwamba Mama Katarina yu hai na yuko kwa binti yake Igunga. Masolwa ameamua kutoshuka Nzega siku ileile. Atapitiliza hadi Igunga kwanza, amwone. Ameniambia nami niombe ruhusa ya siku tatu nifuatane naye, nimweleze mama kwa mdomo wangu, maana yeye hatanisemea. Ofisi imekubali. Tutakaa kiti kimoja tangu asubuhi, na sijui tutazungumza nini njia nzima.

Ndugu Masolwa, ghala linakushukuru kwa miaka ishirini na sita ya jicho lisilodanganywa, na kwa kigoda, ambacho kamati imeamua kibaki mahali pake na mkaguzi mpya akiendeleze. Warina asali kutoka Ipole hadi Usinge wametuma salamu nyingi, na safari hii nimeziandika zote na kuzikabidhi kwa Bertila mkononi. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, ng'ombe wenye maziwa, na usingizi wa mtu aliyefanya kilicho ndani ya uwezo wake. Mimi nakuomba radhi mbele ya wote, na sikuhimizi unijibu. Siku utakapoweza, hata ikiwa ni baada ya miaka kumi, nitumie neno. Mpe mtu yeyote alilete, ila asiwe karani kama mimi.